Kitana Kisichooshwa

Wanawake wa mtaa ule walimwita Bi Mistari, na jina lilimkaa. Akikugawa nywele, mstari ulinyooka toka utosini mpaka kisogoni bila kuyumba. Alisukia chumba cha mbele cha nyumba yake, palipokuwa na benchi la kungojea, kiti kifupi cha anayesukwa, kioo kilichopasuka kona moja, na dirisha lililotazamana na duka la fundi cherehani ng'ambo ya njia. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Bi Mistari alipenda kuongeza kwamba kuna ambao zao kawashonea yeye, na benchi zima lilicheka, hata wale waliokwisha kuusikia utani huo mpaka ukawachosha.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa mistari, ilikuwa kusitiri. Waliokatika nywele za mbele kwa misuko ya kukaza walikuja kwake. Waliounguzwa na dawa za kulainisha nywele walikuja, na waliopukutika baada ya kujifungua nao walikuja, wamejitanda mpaka kwenye nyusi, wanachungulia kwanza kama kuna mtu. Walitoka vichwa juu. Bi Mistari hakuuliza kilichowapata wala hakusimulia, na kwa kazi ile hiyo ni nusu ya ufundi. Ubaya ni kwamba kazi ikikaa mkononi muda mrefu huingia mpaka moyoni. Mwanamke yule akawa kila ovu analoliona, wazo la kwanza ni namna ya kulifunika.

Alasiri moja fundi cherehani alivuka njia na binti yake, utepe wa kupimia ukiwa bado unaning'inia shingoni. Binti alikuwa amepata kazi mji wa mbali na kesho yake alikuwa anasafiri. Fundi akasema amebakiza pindo la gauni la safari, analimaliza sasa hivi. Jirani amsitiri mtoto kama kawaida, tena leo amsuke vizuri zaidi, maana huko aendako hawamjui. Akarudi dukani kwake mbio mbio. Binti akaketi mwisho wa benchi, nyuma ya wateja wawili. Bi Mistari akamtazama kwenye kioo. Kwa miaka mingi alikuwa na neno la kumwambia msichana yule, kila mara akijiambia bado kuna siku. Sasa siku zilikuwa zimekwisha, imebaki ile moja.

Neno lenyewe lina historia, na historia inaanzia kwenye kitana.

Fundi cherehani alihamia mtaani akiwa mjane, ana cherehani moja na mtoto mchanga, hamjui mtu. Bi Mistari ndiye aliyempelekea mteja wa kwanza, na ndiye aliyembebea mtoto siku zile mama anashona huku analia. Bi Mistari naye alikuwa na binti wa umri huo huo. Mtaa uliwapa watoto wale majina kwa kuwatazama tu: wa Bi Mistari wakamwita Sindano, kwa kuwa alikuwa mwembamba na mdomo wake unachoma, wa fundi wakamwita Mpole, kwa kuwa angeweza kusukwa mchana kutwa bila kusema hata aa. Walisoma darasa moja, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walisukwa kwa zamu, kiti kimoja, kitana kimoja.

Kitana hicho kilikuwa cha mbao, cheusi kwa mafuta ya miaka, ameachiwa na mwanamke aliyemfundisha kazi. Vitana vya plastiki vya wateja Bi Mistari aliviosha kila jioni. Hiki cha mbao hakikuoshwa kamwe. Mwalimu wake alimwambia sabuni hukausha mbao na meno yakakatika, kwa hiyo kilifutwa kwa kitambaa chenye mafuta kikarudi kwenye msumari wake. Kwa heshima hiyo hakukitumia kwa kila mtu. Kilikuwa cha kuwachania aliowapenda. Ndiyo kusema wateja wa kulipa walichanwa kwa kitana safi, na wanawe wawili wakachanwa kwa kichafu.

Sindano alianza kwa kujikuna. Kwanza yalikuwa magamba madogo meupe, mtu angedhani mba. Kisha likatokea duara dogo upande wa kushoto, nywele zimekatikia usawa wa ngozi, zimebaki nukta nyeusi. Msusi aliyeshika vichwa vingi namna ile asiyajue mapunye? Aliyajua. Tusimtetee. Watoto wa wenzake alikuwa akiwarudisha kwa upole, mama zao akiwaambia wawanyoe kwanza. Ila kichwa cha Sindano kilikuwa bango lake la biashara, na shuleni walikuwa wanakaribia kupigwa picha ya darasa. Basi akaupindisha mstari mmoja, akaulaza msuko juu ya duara, na duara likapotea.

Dukani alinunua tyubu ya krimu, ile inayouzwa kwa kila kinachowasha, na aliyemuuzia hakuomba hata kukiona kichwa. Siku chache muwasho ukakoma na wekundu ukafifia. Bi Mistari akajipongeza. Hakujua kwamba krimu za namna ile huituliza ngozi ikanyamaza, na fangasi wakaendelea kula chini kwa raha zao. Msuko ulipofumuliwa, palikuwa pamevimba, panabonyea, panatoka usaha kwenye vitundu vya nywele. Tezi za nyuma ya shingo zilikuwa zimetuna na mtoto anachemka. Akambeba kwenda zahanati. Njiani jirani yake fundi akamuuliza kulikoni, naye akajibu bila kusimama kwamba Sindano kaota jipu kichwani.

Tabibu wa zahanati alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufundishia watoto wadogo. Alikiangalia kile kichwa kwa taa, akang'oa vinywele viwili vitatu kwa kikoleo, akasema lile si jipu. Ni mapunye yaliyochachamaa, na asije mtu akayapasua, maana wembe ukipita pale mizizi ya nywele inakufa na pale hapaoti tena. Krimu haifiki kwenye mzizi, akasema, kwa hiyo mtoto atameza vidonge, wiki nyingi, baada ya chakula chenye mafuta, na mama asije akaviacha eti kaona nywele zimeanza kuchomoza. Vitana viloweshwe kwa maji ya moto na sabuni, visivyooshika vitupwe. Kofia, mitandio na mito, kila mtu na yake. Kisha akaweka kalamu chini.

"Nani mwingine anachanwa kitana kimoja na huyu? Waje wote niwaone, hata kama hawajikuni."

Bi Mistari alikuwa na jibu la kweli mdomoni. Lakini kichwani ilimpitia picha ya benchi lake tupu. Akimtaja Mpole, fundi atajua. Fundi akijua, duka lake halikosi wanawake kutwa nzima, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima utakuwa umesikia kwamba msusi anagawa mapunye. Tena Mpole alikuwa amemsuka yeye mwenyewe Jumapili iliyopita, na kichwa kilikuwa safi. Ndivyo alivyojiambia.

"Ni mimi na yeye tu," akasema.

Sindano, aliyekuwa amelala kitandani kwa homa, akainua kichwa akamtazama mama yake. Walipofika nyumbani Bi Mistari alikitoa kitana msumarini, akakitia kwenye jiko la mkaa na kukingoja mpaka kikaisha. Waliouliza aliwaambia kimevunjika. Mtu asiye na la kuficha hachomi kitana, na mtoto alikuwa mlangoni anaona.

Wiki zikapita, vidonge vikafanya kazi, kichwa cha Sindano kikaanza kuota nywele chini ya kitambaa. Hapo ndipo fundi alipovuka njia na Mpole, akasema jirani hebu mtazame huyu, kutwa anajikuna. Bi Mistari akampeleka dirishani, akagawa nywele kwa vidole. Magamba meupe, duara, nukta nyeusi. Neno lilikuwa moja tu na lilikuwa rahisi, vidonge vilikuwa zahanati, safari yenyewe ni ya miguu. Lakini akisema mapunye, swali linalofuata ni kayapata wapi, na jirani alikwisha kuambiwa kwamba la Sindano lilikuwa jipu. Uongo hauzai mtoto mmoja.

"Mba tu hiyo," akasema. "Mpake mafuta."

Alipanga kumwambia baadaye, kwa njia nyingine, labda amdokeze aende tu zahanati kwa ajili ya kitu kingine. Alikuwa bado anatafuta njia ya kulisema bila kulisema siku alipokwenda mjini kununua nywele za kushonea. Siku hiyo hiyo kichwa cha Mpole kilikuwa kimevimba, na fundi akakumbuka jipu la Sindano. Kama la Sindano lilipona, la Mpole nalo litapona likikamuliwa. Akampeleka kwa mtu mmoja nyuma ya soko aliyekuwa akipasua majipu. Bi Mistari alirudi na mafurushi yake akamkuta mtoto amefungwa bandeji, na mama mtu anamweleza kwa fahari kwamba hata hakulia, mpole kama jina lake.

Hospitali walikuja kwenda baadaye, kidonda kilipokataa kukauka. Vidonge vikatolewa na ugonjwa ukaisha, ila palipopita wembe hapakuota kitu. Lilibaki bapa laini juu ya sikio la kulia, upana wa kiganja cha mtoto, linang'aa. Fundi alimlaani mpasua majipu mpaka akachoka, na hakumlaani mtu mwingine. Mwenye kovu usidhani kapoa, na Mpole alikoma kuvua kitambaa hata mbele ya ndugu.

Basi tangu siku zile Bi Mistari akawa anamsuka yeye, bila malipo, akiipindisha mistari juu ya bapa kwa ustadi ambao wasusi wenzake walikuja kuutazama. Fundi alimlipa kwa shukrani. Kila akimwona mwanawe anakwenda shuleni kichwa kimepambika, alivuka njia kusema ahsante, Mungu akulipe, bila wewe mwanangu angejificha chini ya kitanda. Bi Mistari alijibu si kitu, jirani. Akifika jikoni alikaa kwenye kigoda akashika kichwa. Majuto ni mjukuu, wasemao hivyo hawakosei, ila wa kwake alikuja mapema akahamia kabisa nyumbani.

Kazi yake aliibadilisha. Vitana vyote vilikuwa vya kuosheka, vikilala kwenye ndoo ya maji ya moto na sabuni kati ya kichwa na kichwa. Kila mtoto alimpeleka dirishani kwanza, akamtazama kichwa, na akishafika hapo akatazama na mikono. Alikuwa akienda kumuuliza tabibu yule mfupi mpaka yule akazoea kumwona. Akajua vipele vinavyowasha zaidi usiku katikati ya vidole ni upele, na wa nyumba nzima hupakwa dawa siku moja, mashuka yakafuliwa na kuanikwa juani, la sivyo wanaambukizana kwa zamu. Akajua vidonda vya mtoto vyenye magamba ya njano puani na mdomoni huoshwa kwa maji na sabuni na kupelekwa hospitali, havipakwi majivu. Na akijua, alisema. Wateja wengine walimwona kidomodomo, wakahama. Wengine walihamia kwake kwa sababu hiyo hiyo.

Alasiri ile ya mwisho, kwenye foleni mbele ya Mpole kulikuwa na mama mmoja kijana na mtoto wake wa kike. Bi Mistari akampeleka mtoto dirishani, akazigawa nywele. Kisha akageuka, akasema mbele ya benchi zima.

"Huyu simsuki leo, mwanangu. Haya ni mapunye. Si uchafu wala si aibu, shuleni huambukizana tu. Usimpake krimu ya dukani, na pakivimba asije mtu akapapasua. Nenda zahanati kesho asubuhi wampe vidonge, na wadogo zake uende nao."

Mama kijana aliona haya, akavuta mtandio, akauliza kama ni yeye kosa lake. Bi Mistari akamwambia hapana, kosa ni kukaa nayo. Akamchorea hewani njia ya zahanati kwa kidole, akampa mtoto kipande cha kitambaa kipya cha kujifunga, wakaondoka. Mteja mwingine, aliyekuja kufumuliwa tu, alimaliza akaenda zake. Chumbani wakabaki wawili.

Mpole akaja akakaa kwenye kiti kifupi kama alivyokaa tangu utoto. Bi Mistari akaanza kufumua. Lile neno alilipanga mara nyingi: angeanza na kitana, halafu zahanati, halafu siku ile dirishani aliposema mba. Mpole akamtangulia, macho yake kwenye kioo.

"Siku hizi unasema, mama mdogo."

Vidole vya Bi Mistari vikasimama. Msichana hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha zaidi. Akaeleza taratibu kwamba Sindano alimwambia zamani, walipokuwa bado shule. Alimwambia yote: kitanda cha zahanati, swali la tabibu, jibu la mama, kitana kwenye jiko. Sindano alilia siku ile mpaka akapandwa na kwikwi, wakaapiana kwamba hawatamwambia mtu mwingine. Bi Mistari akahesabu moyoni miaka ambayo kichwa kile kimekaa mikononi mwake, kinajua, na kinatulia asukwe.

"Mbona hukuniuliza?" akasema.

"Nilikuwa nakungoja. Kila ukigawa mstari wa kwanza nilidhani leo ndiyo utasema."

Bi Mistari akaangua kilio, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. Akasema anavuka njia sasa hivi, anakwenda kumwambia mama yake, afanywe anavyostahili kufanywa. Na alikuwa amekwisha kuvua aproni. Mpole akamshika mkono.

"Usimwambie. Mimi kesho naondoka, Sindano kaolewa mbali. Mama hana mtu mtaani hapa ila wewe. Ukisema, wewe utapumua. Atakayebaki peke yake ni yeye."

Hapo Bi Mistari aliketi kwenye benchi, mahali pa wateja. Alikuwa akidhani siku zote kwamba kinachomtesa ni kukosa ujasiri wa kusema. Sasa ujasiri ulikuwa umefika, umekuta mlango umefungwa, na aliyeufunga alikuwa na haki ya kuufunga. Angekuwa amesema mapema, wakati Mpole ni mtoto na dawa ziko karibu, neno lingekuwa tiba. Lilivyochelewa, lilikuwa limebaki kuwa la kujifariji mwenyewe tu.

Mpole akamwomba mkasi. Hakuja kusitiriwa leo, akasema. Huko aendako hana wa kumpindishia mistari, wala hataki kuishi akimwogopa kila mtu atakayemsimamia nyuma. Anataka akatwe, zibaki fupi kabisa. Bi Mistari alisita, akanong'ona kwamba mama yake atasema nini. Msichana akasema mama atazoea. Basi mkasi ukapita, pole pole, na nywele zikaanguka sakafuni mpaka bapa likatoka kwenye mwanga wa dirisha. Bi Mistari hakuwa amelitazama mchana kweupe tangu lilipopona. Siku zote alilifanyia haraka, kama anayefunga mlango. Kwenye kichwa cha mtu mzima lilionekana dogo kuliko alivyolibeba. Akalipaka mafuta kidogo kwa ncha ya kidole.

Fundi akaingia na gauni mkononi, bado lina joto la pasi. Akasimama mlangoni. Alimtazama mwanawe kichwani, akamtazama Bi Mistari na mkasi wake, akatazama nywele chini. Akakaa kwenye benchi na gauni mapajani. Mpole akamwambia ni yeye aliyetaka, mama asihuzunike, hapaumi wala hapawashi. Fundi akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya utepe wa kupimia, kisha akacheka mwenyewe kwa kujifuta kwa kitu kile. Akamwambia mwanawe kumbe ana kichwa kizuri namna hii, cha marehemu baba yake kabisa.

Halafu akainuka, akaushika mkono wa Bi Mistari kwa mikono yake miwili.

"Jirani, miaka yote hii umenisitiria mwanangu. Mimi niliyemzaa nisingeweza. Na wewe Mungu akusitiri hivyo hivyo."

Bi Mistari akainua macho. Kwenye kioo Mpole alikuwa anamtazama, kama vile alivyotazamwa siku ile na mtoto mwenye homa kwenye kitanda cha zahanati. Safari hii alitakiwa anyamaze.

"Amina, jirani," akasema, akainama kukusanya nywele sakafuni.